Glaucus au lividus: majina mawili ya buluu ya kijivu, na lipi litumike wapi

Mwandishi wa Kiswahili anayefungua kamusi kutafuta maana ya neno la Kilatini glaucus, kisha akatafuta maana ya lividus, huenda akarudi na jibu moja kwa yote mawili: buluu ya kijivu. Jibu hilo si la uongo, lakini halimfikishi mbali, kwa sababu maneno hayo hayapokezani nafasi. Jani la kabichi ni glaucus na haliwezi kuitwa lividus. Jicho lililopigwa ngumi likavilia damu ni lividus, wala hakuna tabibu atakayeliita glaucus. Ulinganisho huu umekusudiwa kwa wanaofasiri maandishi ya mimea, ndege na tiba, pamoja na yeyote anayetaka kuipa jina rangi ya kitambaa au ya ukuta akajikuta amekwama kati ya kijivu na buluu.

Nitaitaja mapema tofauti kubwa ninayoiona, ili msomaji aipime mwenyewe kadiri tunavyoendelea. Glaucus ni rangi ya kilichotanda juu, yaani weupe wenye ubuluu unaofunika rangi nyingine. Lividus ni rangi ya kilichofunikwa, yaani buluu nzito inayojitokeza kutoka chini ya ngozi au ganda. Zabibu za Dodoma zilizoiva, zile za rangi ya zambarau iliyokoza, zinaonyesha zote mbili kwa pamoja: punje ikiwa bado kwenye kishada ina utando mwepesi kama wa unga, nao ni glaucus, ukiufuta utando huo, ganda linalobaki, jeusi lenye ubuluu, ndilo ambalo mshairi wa Kirumi Horace aliliita lividus alipoeleza vishada vinavyogeuka rangi msimu wa mavuno unapokaribia.

Glaucus: rangi ya utando

Neno hili Warumi walilipokea kutoka kwa Wagiriki, waliosema glaukos. Katika mashairi ya Homer, ambayo ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya lugha hiyo, si rahisi kusema kwamba glaukos ni rangi. Neno hilo linaisifu bahari, na maana inayoelekea zaidi ni mng'ao kuliko buluu. Humo humo mungu wa kike Athena anaitwa glaukopis, na wafasiri wamegawanyika tangu zamani kuhusu jina hilo: wako wanaosema ni mwenye macho maangavu, wako wanaosema ni mwenye macho ya kijivu, na wako wanaolihusisha na glaux, yaani bundi, ndege wake Athena aliyechorwa hata kwenye sarafu za mji wa Athens. Bundi huyo hajapotea katika elimu ya ndege, kwa kuwa jamii nzima ya vibundi wadogo, wakiwemo wanaopatikana Afrika Mashariki, inaitwa Glaucidium.

Baada ya Homer maana ilitulia polepole kwenye rangi. Wagiriki waliomfuata waliita glaukos macho ya kijivu chenye ubuluu na majani ya mzeituni, na mzeituni ni mfano mzuri kwa sababu jani lake lina uso wa kijivu cha fedha usiokuwa kijani kamili wala buluu kamili. Lakini ile asili ya mng'ao haikufa, na ndiyo maana hadi leo glaucus haifai kwa kitu chenye giza. Rangi hii lazima iwe na mwanga ndani yake.

Waliolishika neno hili kwa nguvu zaidi ni wataalamu wa mimea, na kwao lina maana mahususi: sehemu ya mmea iliyofunikwa na utando mwembamba wa nta unaoipa sura ya kijivu chenye ubuluu. Chukua jani la sukumawiki au la kabichi ambalo halijaoshwa, ulisugue mara moja kwa kidole gumba. Utando unaondoka, alama ya kidole inabaki, na mahali uliposugua panaonekana kijani kilichokolea kinachong'aa, tofauti na sehemu nyingine ya jani iliyobaki na weupe wake wa buluu. Dondoshea maji: upande wenye utando yanaviringika na kuanguka, upande uliosuguliwa yanatulia na kutanda. Nta hiyo ina chembe ndogo mno zinazotawanya mwanga, na kwa kuwa mwanga wa buluu hutawanywa kwa urahisi kuliko mwekundu, jani la kijani huonekana kama limevikwa moshi. Faida kwa mmea ni kupunguza upotevu wa maji na kurudisha sehemu ya jua kali.

Ndiyo sababu majina mengi ya kisayansi ya mimea yana glauca au glaucum. Nicotiana glauca, jamaa wa tumbaku mwenye asili ya Amerika Kusini, ambaye sasa huota katika sehemu kame za Afrika Mashariki, ana majani laini ya rangi hiyo, na inafaa kukumbuka kwamba ana sumu kwa watu na mifugo. Festuca glauca ni nyasi za mapambo zinazoota kwa mafundo ya buluu. Hata mkaratusi wa Eucalyptus globulus, ambao jina lake halilitaji neno hili, una majani ya aina mbili katika mti mmoja: machanga ni mapana na ya buluu ya fedha, makubwa ni marefu na ya kijani kilichokoza. Mfasiri anayekutana na sifa hii kwenye maelezo ya mmea asiandike tu "majani ya buluu", kwa sababu msomaji atatafuta mmea ambao haupo. Mimi ningeandika "majani ya kijani yenye utando wa kijivu-buluu", na neno utando nisingelitoa kwa bei yoyote, kwa kuwa ndilo linalobeba maana ya kitaalamu.

Nje ya mimea, Kiingereza kina umbo lake la neno hili, glaucous, ambalo ni jina la shakwe mkubwa wa nchi za baridi kali za kaskazini, Larus hyperboreus, mwenye mgongo wa kijivu hafifu. Baharini yuko Glaucus atlanticus, kiumbe mdogo wa jamii ya konokono wasio na gamba, anayeelea katika bahari zenye joto, ikiwemo Bahari ya Hindi, akiwa na upande mmoja wa buluu na mwingine wa fedha.

Upo pia mtego wa tiba. Ugonjwa wa glaukoma, ambao kwetu huitwa presha ya macho au shinikizo la jicho, umepata jina lake hapa hapa. Waganga wa Kigiriki waliangalia mboni zilizopoteza weusi wake zikawa na rangi ya kijivu-buluu, wakaita hali hiyo kwa jina la rangi, na kwa karne nyingi jina hilo lilichanganywa na mtoto wa jicho. Leo glaukoma ni jina la kuharibika kwa mshipa wa fahamu wa jicho, mara nyingi kutokana na shinikizo kuzidi, na mgonjwa anaweza kuwa nayo bila mboni yake kubadilika rangi hata kidogo. Hivyo anayeeleza ugonjwa huu kwa wasomaji wa kawaida anaweza kuitaja asili ya jina kama historia, lakini asiitaje rangi kama dalili, kwa sababu atawafanya watu wasubiri buluu ambayo haitakuja huku uwezo wao wa kuona ukipungua.

Lividus: rangi ya kilicho chini ya ngozi

Lividus ni la Kilatini chenyewe. Linatokana na kitenzi livere, kuwa na rangi ya buluu nzito, na jina lake livor lilikuwa na maana mbili kwa Warumi: alama ya damu iliyovilia na husuda. Sisi husuda tumeiweka machoni, tukaiita kijicho; wao waliiona kama rangi inayopanda mwilini mwa mwenye wivu.

Pigo ndilo mfano wa msingi. Mtu akipigwa pasipo ngozi kuchanika, damu hutoka kwenye mishipa midogo na kukaa chini ya ngozi. Damu yenyewe ni nyekundu, lakini ngozi iliyo juu yake hutawanya mwanga wa buluu na kuurudisha kwenye jicho la mtazamaji, ilhali mwekundu hupenya ndani zaidi na kumezwa. Sayansi yake inafanana na ile ya nta ya jani, ila mpangilio umepinduka: kwenye jani kinachotazamwa ni utando wa juu, na kwenye vilio, yaani alama ya damu iliyovilia, kinachotazamwa ni damu ya chini. Isitoshe, lividus haitulii, kwa kuwa vilio huanza na wekundu, likaingia buluu na zambarau, kisha kijani, halafu manjano kadiri mwili unavyoivunjavunja damu ile. Jina limeshika hatua moja tu ya safari hiyo.

Kutoka hapo neno lilienea kwenye vitu vyenye uzito wa rangi kama huo, na aliyefaidika kwa umaarufu ni njiwa. Njiwa wa mijini, yule anayetembea kwenye mapaa na viwanja vya Zanzibar na Mombasa kama vile mji ni wake, ni mzao wa njiwa wa mwituni aitwaye Columba livia. Aristotle alitumia jina la Kigiriki peleia, linalohusishwa na neno lenye maana ya rangi ya giza, na mfasiri Theodorus Gaza alipomgeuza Aristotle kwa Kilatini katika karne ya 15 alichagua livia, umbo la lividus. Mwanasayansi wa Kijerumani Johann Friedrich Gmelin akalithibitisha kama jina la kisayansi mwaka 1789. Ukimtazama njiwa wa rangi hiyo ya asili, mwili wa kijivu-buluu, mistari miwili myeusi bawani na shingo yenye mng'ao wa kijani na zambarau, utakubali kwamba Gaza hakukosea, ingawa nani angedhani ndege wa amani ana jina la alama ya kipigo.

Kwenye mimea lividus haina uthabiti, na hapa naona ni hasara yake kubwa ikilinganishwa na glaucus. Mchicha mmojawapo wa jamii ya Amaranthus blitum uliwahi kuitwa Amaranthus lividus, na wanaoujua hawatauelezea kwa buluu bali kwa wekundu wa zambarau uliozama kwenye shina na majani. Neno limeelea kati ya rangi ya madini ya risasi, zambarau na wekundu uliofifia, kiasi kwamba mfasiri hana budi kuutafuta mmea wenyewe kwa macho, au picha yake, kabla ya kuandika.

Katika lugha za leo limeelea zaidi. Livid la Kiingereza, katika mazungumzo ya karne ya 20 na hii yetu, kwa kawaida ni mtu aliyekasirika vibaya, na hapo Kiswahili kina "amefura kwa hasira" kisichohitaji rangi yoyote. Livide la Kifaransa mara nyingi ni uso uliopauka kama ulioishiwa damu. Mfasiri wa riwaya anayekutana na uso wa namna hii ana njia tatu, yaani buluu, weupe au hasira, na muktadha peke yake ndio unaoamua. Ukiwa wa kipigo ni buluu, ukiwa wa hofu au ugonjwa ni kupauka, ukiwa wa ugomvi ni hasira. Katika ripoti za uchunguzi wa maiti, kwa upande mwingine, livor mortis imebaki na maana yake ya kale bila kuyumba: ni mabaka ya damu iliyojikusanya sehemu za chini za mwili baada ya moyo kusimama. Hapo nashauri kuandika "mabaka ya damu iliyovilia baada ya kifo", kwa sababu rangi yake halisi huelekea wekundu wa zambarau na neno buluu litapotosha.

Wagombea wengine, kwa ufupi

Kilatini kilikuwa na neno la tatu, caesius, ambalo lilitumika zaidi kwa macho ya buluu ya kijivu. Anayefasiri maelezo ya sura ya mtu wa kale na akaona neno hili asihangaike na mengine mawili. Wanasayansi wa Kijerumani Robert Bunsen na Gustav Kirchhoff walilichukua mwaka 1860 kuipa jina elementi ya sizi (caesium), kwa sababu ya mistari yake ya buluu kwenye spektra, na tangu 1967 atomu za elementi hiyo ndizo zinazotumika kufafanua urefu wa sekunde moja.

Cinereus si buluu kabisa, ni kijivu, na asili yake inalingana na ya neno letu hatua kwa hatua: cinis ni jivu, kama kijivu kinavyotoka kwenye jivu. Ndilo jina la Ardea cinerea, korongo wa kijivu wa kandokando ya maji. Jirani yake Egretta ardesiaca, yule mweusi anayekunja mabawa kama mwavuli juu ya kichwa anapovua samaki, ameitwa kwa jiwe la sleti, lile lililoezekwa mapaa Ulaya na kukatwa vibao vya wanafunzi. Sleti ni jina zuri kwa kijivu kigumu chenye ubuluu kidogo, lakini waunda tovuti wawe macho. Rangi iitwayo slategray kwenye kurasa za intaneti ina nyekundu 112, kijani 128 na buluu 144, kwa kipimo cha 0 hadi 255, na kweli ni kijivu-buluu. Iitwayo slateblue ina 106, 90 na 205, nayo ni zambarau ya wazi isiyofanana na jiwe lolote la sleti. Usiichague kwa kufuata jina.

Wachoraji wa rangi za maji watakuwa wanaijua rangi ya kijivu-buluu ya Payne, iliyopewa jina la mchoraji Mwingereza William Payne, aliyefariki mwaka 1830. Aliipata kwa kuchanganya buluu ya Prussia na rangi nyingine za manjano na nyekundu badala ya kutumia nyeusi tupu, na inafaa sana kwa vivuli na mawingu ya mvua. Nikilazimishwa kuipanga, nitaiweka upande wa lividus. Buluu ya jeshi la anga la Uingereza, iliyoanza kwenye sare mwaka 1919 baada ya sare ya kwanza ya buluu hafifu kukataliwa na wengi, naiweka katikati, na haina historia ya maana zaidi ya hiyo.

Kuchagua kwa Kiswahili

Kiswahili hakina neno moja lililozoeleka kwa rangi hii, na sioni kwamba hilo ni upungufu, maadamu vipande vya kujengea jina vipo. Samawati, kutoka neno la Kiarabu la mbingu, ni buluu hafifu iliyo safi, na ukiisogeza kuelekea kijivu unapata kitu kilicho karibu na glaucus: "samawati iliyopauka". Nili, ambayo kwa kupitia Kiarabu inarudi hadi nila ya Kisanskriti, ni buluu iliyokoza ya mmea wa mnili, na inaelekea upande wa lividus. Kwa wasomaji wa pwani walio na umri kidogo ningethubutu kuandika "rangi ya kaniki iliyochujuka", kwa kuwa kaniki iliyofuliwa mara nyingi hushuka kutoka weusi wa buluu hadi kijivu-buluu kile kile kinachotafutwa. Kwa msomaji kijana wa Kigali au Nairobi jina hilo litahitaji maelezo, na jina linalohitaji maelezo halijafanya kazi yake. "Rangi ya njiwa" itaeleweka kote, na kwa kitambaa au ukuta ndiyo ningeipa nafasi ya kwanza.

Ukibaki na maneno ya kawaida, zingatia nini kinatangulia. Katika Kiswahili neno la kwanza ndilo linalotawala: "buluu ya kijivu" ni buluu iliyopungua nguvu, "kijivu chenye ubuluu" ni kijivu kilichoguswa na buluu. Kijerumani hupanga kinyume, na hapo ndipo wafasiri huteleza. Katika orodha ya rangi ya RAL, iliyoanza Ujerumani mwaka 1927 ikiwa na rangi 40, zimo Graublau na Blaugrau. Ya kwanza imeanza na neno la kijivu lakini ni buluu, namba 5008, nzito na ya giza. Ya pili imeanza na neno la buluu lakini ni kijivu, namba 7031. Anayezigeuza neno kwa neno bila kupindua mpangilio atamletea mteja ndoo isiyo yake. Njiwa naye yumo, namba 5014, akiwa amewekwa kwenye kundi la buluu na si la kijivu. Kwa hiyo unapoagiza rangi ya nyumba andika namba kando ya jina, umwombe fundi apake kipande cha ubao kwanza, kisha ukitazame nje asubuhi na tena ndani jioni chini ya taa, kwa sababu katika rangi za aina hii mwanga wa njano wa balbu humeza ubuluu wote na kukuachia kijivu kitupu.